Meza Isiyopita Mlangoni

Jumatatu ya Pasaka mwaka huu tulibomoa ukuta ili meza itoke. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, imechoka, na mvua za mwaka huu zilikuwa zimeifanya iegemee upande wa barabara kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Mafundi wa nyumba mpya walikuwa wameshavuta kamba za msingi, na hii ya zamani ilikuwa lazima iondoke kuwapisha. Vitu vyote vilitoka kwa mlango: vitanda, kabati, magunia ya mpunga, picha ya harusi ya wazazi wetu. Ikabaki meza. Kasiani, kitinda mimba wetu, ambaye sasa ana kitambi na huja Mpanda kwa gari lake mwenyewe, akaizunguka, akaupima mlango kwa kunyoosha mikono, akanitazama. "Dada, hii iliingiaje?" Mdogo wangu Vero akacheka hadi akakaa chini, kwa sababu yeye anakumbuka. Deo, anayenifuata mimi, hakusubiri jibu. Alikuwa ameshakwenda kutafuta sururu.

Tusingekuwa pamoja Pasaka hii kama si msiba. Wiki chache kabla, kijana mmoja alinipigia simu, sauti ya Kitanga, laini, akauliza kama mimi ndiye Stazia wa Mpanda. Akasema mama yake, Mwalimu Hawa, amefariki, na kwamba walikuwa wameshamzika, maana kwao Waislamu mtu hakawii kuzikwa. Nikampa pole. Kisha akasema, "Mama aliniagiza nikwambie bodi imefungwa. Sijui ni bodi ya nini. Alisema wewe utajua." Nilijua. Niliwaambia wadogo zangu, na kila mmoja alikokuwa akasema anakuja. Hatukuweza kumzika Mwalimu, lakini tuliweza kukaa mahali alipotukalisha.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Katavi haikuwa mkoa bado, sisi tulikuwa wilaya tu ya Rukwa, na kila kitu kipya mjini kilishuka kutoka kwenye treni ya Tabora. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, mama alipoanza kuugua, na kabla mahindi ya mwaka huo hayajakomaa wazazi wote wawili walikuwa wameondoka. Jinsi walivyoondoka sitaieleza hapa. Nitaeleza siku ukoo ulipokaa sebuleni kwetu baada ya mazishi, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwenye kikao kile.

Walikuja kutoka Mpimbwe, wamejazana kwenye lori la mpunga. Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa msemaji. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, na viganja vyake vilikuwa vipana kama vya baba, jambo lililonifanya nishindwe kumtazama mikononi. Baiskeli ilikwenda kwa huyu, redio kwa yule. Msumeno mkubwa wa watu wawili, aliopasulia mbao baba maisha yake yote, akauchukua Baba Mkubwa mwenyewe. Kijana mmoja wa ukoo akanyanyua kinu cha mama kwenda nacho nje, na hapo Shangazi, dada yao wa pekee, ambaye alikuwa amekaa sakafuni miguu imenyooshwa kama mtu aliyelala macho wazi, akasema bila kugeuka, "Weka." Kijana akaweka. "Kinu kinalisha," Shangazi akasema. "Chungu kinalisha. Jiwe la kusagia linalisha. Kinacholisha watoto hakigawanywi watoto wangali wanakula. Au huko mlikozaliwa hamkuambiwa?" Hakuna aliyebisha. Ndiyo sheria ya kwetu, na hata walioisahau waliikumbuka alipoisema.

Zilibaki mbao. Baba alikuwa ameweka mbao nne za mninga juu ya boriti za chumbani, pana, nene, zikikauka taratibu kivulini. Alikuwa hajasema za nini. Baba Mkubwa aliinua uso akazitazama muda mrefu. "Hizo bado mbichi," akasema. "Tukishavuna tutarudi kumaliza tanga. Siku hiyo nitazichukua. Na watoto nao watajua pa kwenda. Deo atakuja kwangu, mpunga una kazi. Vero ataenda kwa shangazi yake. Huyu mdogo tutaangalia."

"Na mimi, Baba?"

"Wewe umeshakua, mama. Wewe utaolewa."

Hakuwa mtu mbaya. Nimemfikiria sana tangu wakati ule, na sijapata kosa lake kubwa. Aliona nyumba yenye watoto wanne na hakuna mtu mzima ndani, akafanya hesabu ambayo kila mtu angefanya. Kosa lilikuwa kwamba mimi nilikuwa mmojawapo wa hao watoto na tayari pia nilikuwa mtu mzima, na hakuna aliyeweza kuliona hilo kwa kunitazama, nikiwa nimevaa sketi ya shule iliyofumuliwa pindo.

Mwalimu Hawa alikuja mwezi uliofuata, mvua ikiwa bado inanyesha. Alipangwa kufundisha Kiingereza sekondari, akafika akakuta nyumba ya walimu haina paa. Mtu akamwambia kuna nyumba ya yatima yenye chumba. Alisimama mlangoni na sanduku la bati na mwavuli uliovunjika mbavu, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mweusi, mwembamba, kanga mbili safi kana kwamba hakushuka kwenye treni iliyolala njiani. Nilimwamkia, nikamwonyesha chumba. Akauliza kwa Kiswahili chao kile kinachoteleza, "Sasa mdogo wangu, mwanipa chumba peke yake, ama chumba na bodi?"

Nilijua bodi moja tu, bodi ya shule, wale wazee waliokuja kwa baiskeli mara moja kwa mwaka wakala kuku. Nikamwambia hapa hakuna bodi, niko mimi na wadogo zangu. Akacheka, si kwa kunicheka. Akaeleza kwamba Mwingereza akikupa chumba na chakula husema amekupa chumba na bodi. "Bodi ni chakula?" nikauliza. "Hapo ndiyo chakula." "Na bodi ya shule?" "Hilo hilo neno." "Na ubao wa darasani, si ndiyo bodi pia?" "Ndiyo pia." Nikamuuliza imekuwaje neno moja likawa ubao, na chakula, na wazee wa baiskeli. Mwalimu Hawa akauegemeza mwavuli wake ukutani. "Sijui," akasema. "Nimelisoma chuo na sijapata kujiuliza. Nitatazama."

Nadhani ndipo nilipompenda. Walimu wangu wote wa zamani, ukiwauliza kitu wasichokijua, walikuuliza kama umemaliza kazi yako.

Alikubali chumba na bodi. Lakini kabla wiki hazijapita nyingi niliona hataendelea kukaa. Kwetu tulikula sakafuni, sinia katikati, na hilo halikumsumbua. Kwao nako walikula mkekani. Kilichomsumbua ni madaftari. Alisahihisha akiwa amekaa kitandani, sanduku la bati mapajani, mgongo umepinda kama ndoana, na asubuhi alitembea kwenda shule ameshika kiuno. Siku moja akaniambia, macho yake chini, kwamba mke wa karani mmoja karibu na shule ana chumba chenye meza. "Sijamjibu," akasema. "Nimeona nikwambie wewe kwanza."

Nilikaa jikoni nikichochea maharage ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Mwalimu alikuwa ndiye mtu mzima wa nyumba. Majirani walianza kusema "kwa Mwalimu" badala ya "kwa wale yatima." Akiondoka, Baba Mkubwa angekuta nyumba ile ile aliyoiacha, na hesabu yake ingekuwa sahihi. Na juu ya kichwa changu, kwenye boriti, zilikuwa mbao nne ambazo si zangu. Sikukosa usingizi kwa jambo hilo. Nilisema moyoni, nitazijibia mimi mwenyewe, na asubuhi nikaenda sokoni kwa fundi Shija.

Shija alikuwa Msukuma aliyekuja na ng'ombe wa baba yake kutoka kaskazini, akawaacha ng'ombe kwa ndugu zake, akajifunza useremala. Alijiita mtani wetu na alitumia utani huo bila huruma. Akazishusha mbao, akazigonga kwa kidole cha kati, akazinusa. "Nyie watu wa samaki," akasema, "mbao kama hizi mnaziweka darini kama popo? Huyu mzee wenu alikuwa na jicho." Mvua ilikuwa haikatiki, karakana yake haikuwa na paa la maana, kwa hiyo akahamishia kazi sebuleni kwetu. Alifanya kazi siku nyingi, polepole, watoto wakiwa wamekaa kwenye maranda. Hakutumia misumari. Alichonga ulimi kwenye mti mmoja na tundu kwenye mwingine, akapaka gundi, akapigilia vijiti. Alisema meza ya misumari ni mke wa kuazima. Mvua ilipokatika akataka kuitoa nje aipige vanishi juani. Akaishika upande mmoja, Deo upande mwingine, wakaenda nayo mlangoni. Haikupita. Wakailaza ubavu, haikupita. Wakaigeuza miguu juu, mguu mmoja ukatoka nje ukaangalia barabara, mingine mitatu ikagoma.

Shija akarudi nyuma, akafuta jasho. Vero, ambaye alikuwa na miaka tisa na ulimi wa kutosha, akamuuliza, "Fundi, hukuutazama mlango?"

"Niliutazama. Nilidhani utakua, kama wewe."

"Sasa?"

"Sasa basi. Meza imezaliwa ndani, itazeekea ndani. Ukitaka kuifungua, labda uivunje. Nimeijenga vizuri mno, hilo ndilo kosa langu."

Vanishi akaipigia humo humo, tukalala tukikohoa. Mwalimu akaweka madaftari yake upande wa dirishani. Upande uliobaki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ilionekana ujinga kuendelea kukaa sakafuni, tukaanza kulia hapo, sote watano, kwenye mabenchi mawili ambayo Shija aliyatoa kwenye mabaki. Kasiani alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa, kwa sababu benchi lilimwacha kidevu kikiwa sawa na ugali.

Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kulipa ahadi yake. Alikuwa na kamusi nene isiyo na jalada, kurasa za mwanzo zimekatika, hivi kwamba kwake Kiingereza kilianza katikati ya herufi ya kwanza. Jioni moja, dagaa wa Karema wakiwa bado mezani, akaifungua. "Stazia, nimeipata bodi yako." Akasema zamani za kale, Waingereza wakiwa watu maskini wa baridi, neno lile lilikuwa ubao na si kitu kingine. Mti uliopasuliwa. Na nyumba zao zilikuwa chumba kimoja, hazikuwa na nafasi ya meza ya kudumu. Wakati wa kula walileta ubao, wakaulaza juu ya vigogo, wakala, wakaurudisha ukutani. Kwa hiyo ubao ukaitwa meza, na kilichowekwa juu ya ubao kikaitwa kwa jina la ubao. Mtu aliyekulisha alikupa ubao wake.

"Kama sisi tunavyosema sinia," nikasema. "Nimekula sinia zima."

"Hasa."

"Na bodingi?" Deo akauliza. Alikuwa darasa la saba, na neno hilo halikumtoka kichwani. Akifaulu angepelekwa shule ya bweni, ambayo sote tuliita bodingi. Mwalimu akamwambia ni huko huko. Mwanafunzi wa bodingi ni mtoto anayekula kwenye ubao wa shule. Deo akafikiri. "Basi kwetu ni kinyume," akasema. "Mtaani mtu akiwa na njaa anasema ana ubao."

Mwalimu Hawa akaweka kamusi chini. Huko kwao hakuwa amelisikia hilo. Deo ikabidi amweleze kwamba vijana wa stesheni wanasema hivyo, ubao umenikaba, nina ubao tangu asubuhi. Mwalimu akacheka hadi ushungi ukamdondoka. "Mwaona nyinyi? Mwingereza ubao wake una chakula juu. Wetu tumeutazama, tukakuta hauna kitu." Vero akamwambia hatusemi nyinyi, tunasema nyie. Mwalimu akasema ataandika.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Tukishanawa, Mwalimu hugonga meza kwa kijiko na kusema, "Bodi imefunguliwa." Tukimaliza, "Bodi imefungwa, zamu ya nani vyombo?" Kwa sababu alikuwa ameshatueleza pia habari za wale wazee wa baiskeli: watu wakubwa waliokaa kuuzunguka ubao kuamua mambo, nao wakaitwa ubao, kana kwamba ni mti uliokuwa ukiamua. Deo akauliza na bodi ya lori. Hapana, Mwalimu akasema, hilo ni neno jingine, lina maana ya mwili, huku kwetu tu limevaa nguo za mwenzake. Nilipenda sana jambo hilo, kwamba maneno mawili yasiyojuana huko yalikotoka yamekuja kukutana Mpanda.

Nilianza kulifuata lile neno kama mtu anayefuata mchwa ajue wanaingilia wapi. Nikiwa napalilia shamba letu la Kakese nilirudia maana zake. Nilijua kwamba ubavu wa jahazi la Mwingereza ni ubao, na ndiyo maana mtu aliyeingia chomboni wanasema yuko ubaoni, hata kama chombo ni treni ya Tabora ambayo ubao wake ni kiti kilichopauka tu. Nilijua kwamba upande wa kulia wa meli una jina la ubao kwa sababu zamani mwenye usukani alisimama upande huo. Nilijua kwamba kabati la vikombe lilianza likiwa ubao mtupu wa kuwekea vikombe, likaota milango baadaye. Na nikaanza kuulizia maneno yetu wenyewe. Bao la kucheza kwa kete. Bao la mganga. Bao la mpira. Kwa nini Simba akifunga goli tunasema amefunga bao? Mwalimu hakujua, mimi sikujua, Shija alisema anajua na akatoa uongo mrefu uliokuwa na ng'ombe ndani yake. Nilikuwa nimeacha shule nikidhani nimeacha kujua vitu. Mwaka ule niligundua kwamba udadisi hauulizi umefika darasa la ngapi. Unakaa nawe shambani, unakaa nawe jikoni.

Lakini mahindi yalivunwa, mpunga ukavunwa, na nilikuwa nazihesabu dalili za kiangazi kama mgonjwa. Majani yalipokauka nilimwambia Mwalimu habari za mbao. Sikuwa nimemwambia. Aliweka kiganja juu ya meza, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia mtoto wa mtu. "Na wewe ulizikata kwa ajili yangu," akasema. Nikamwambia nilizikata kwa ajili yetu. Akauliza nitamwambia nini baba yangu mkubwa. Hapo akanifundisha maana ya mwisho, na ndiyo pekee aliyoitoa bila kamusi. Wacheza karata wa Kiingereza, akasema, walikuwa hawaaminiani, kwa hiyo sheria ilikuwa mikono yote ikae juu ya ubao. Mkono ukishuka chini ya meza, huyo ana jambo. Mpaka leo, kitu kilichofanywa waziwazi, bila hila, wanasema kiko juu ya ubao. "Mikono yako uiweke juu, Stazia. Mengine yatajijua."

Walikuja Jumamosi, mchana. Safari hii walikuwa wawili tu, Baba Mkubwa na Shangazi, wamepewa lifti na gari la mpunga lililokuwa lirudi jioni. Baba Mkubwa alikuwa na kamba begani za kufungia mbao. Tuliwaamkia. Aliingia moja kwa moja chumbani, akainua uso, akatazama boriti. Tulimsikia akivuta pumzi. Akarudi sebuleni.

"Mama, mbao ziko wapi?"

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza. Nikaweka mikono yote miwili juu yake, viganja chini. "Ndizo hizi, Baba. Hakuna aliyeniambia nizitumie. Niliamua mwenyewe."

Alinitazama, kisha akaitazama meza, na nikaona hasira ikipanda shingoni mwake. Akaishika ukingo, akaitikisa. Haikutikisika. "Basi itakwenda hivyo hivyo ilivyo," akasema. "Meza nayo ni mbao." Akamwita Deo ashike upande mwingine. Deo akanitazama, nikatikisa kichwa kwamba ashike. Wakaiburuta hadi mlangoni. Nilijua kitakachotokea. Wakaisimamisha, wakailaza, mguu mmoja ukatoka ukaangalia barabara. Baba Mkubwa akasukuma kwa bega. Vumbi likadondoka kutoka juu ya mlango.

"Hii iliingiaje?" akauliza.

"Haikuingia, Baba," Vero akajibu. "Ilizaliwa humu."

Shangazi, ambaye alikuwa ameshakaa sakafuni miguu imenyooshwa, akatoa sauti puani. Baba Mkubwa akainama achunguze viungo, mahali pa kulegeza. Alikuwa mpasua mbao pia, alijua mti. Akaona vijiti, akaona gundi, akapitisha kiganja chini ya uso wa meza ambako Shija hakupiga randa. Mkono wake ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukapita tena pale pale. Chini ya ubao wa pili kulikuwa na mawimbi ya msumeno, mahali mmoja wa wapasuaji alipochoka akavuta vibaya. Tulikuwa tunayajua, Kasiani alipenda kuyakwangua kwa kucha.

"Hapa ni mimi," Baba Mkubwa akasema. Hakuwa anasema na sisi. "Mti huu tuliupasua pamoja, mimi na marehemu. Alinitukana siku nzima kwa sababu ya hapa."

Ndipo Shangazi akauliza, kwa sauti ile ile ya usingizi, "Stazia, hawa watoto wanakula wapi?"

"Hapo mezani, Shangazi."

"Wote?"

"Wote. Na Mwalimu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akamgeukia kaka yake. "Umesikia. Kinalisha."

"Ile ni meza, si kinu," Baba Mkubwa akasema.

"Na mimi sikusema kinu. Nilisema kinacholisha. Unataka kuvunja kinacholisha, uwaambie watu wa Mpimbwe umekivunja mwenyewe au nikawaambie mimi?" Kisha akaongeza taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza anaona, "Na hao wanaolishwa nacho. Ukiwatawanya, kitamlisha nani?"

Nilikuwa nimepika tangu asubuhi, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija na kamba. Wali wa Mpimbwe, samaki mgebuka aliyekaushwa, matembele. Meza ikarudishwa mahali pake. Nikaweka chakula. Mwalimu Hawa akatoka chumbani kwake alikokuwa amejizuia wakati wote, akapiga goti akawaamkia, akaenda kumnawisha Baba Mkubwa mikono. Aliishika birika muda mrefu hewani, maana Baba Mkubwa alikuwa hajaikunjua mikono yake. Alikuwa anatazama benchi, akimtazama Deo aliyesogea kumpa nafasi, akimtazama Kasiani juu ya kinu. Kwetu mtu akila na watoto wa nyumba, hainuki hapo akawatoa kwenye nyumba ile. Alijua hivyo, na Shangazi alijua kwamba anajua.

Akanyoosha mikono. Maji yakamwagika juu ya viganja vyake vile vipana, na kwa mara ya kwanza niliweza kuvitazama.

Sauti ndogo ikasema, "Bodi imefunguliwa." Alikuwa Kasiani. Alifikiri Mwalimu amesahau.

"Anasemaje huyu?" Baba Mkubwa akauliza.

"Anasema karibu chakula," nikamjibu, na haikuwa mbali na kweli.

Jioni aliondoka na kamba zake zikiwa tupu begani. Hakusema ameamua nini. Alisema tu kwamba mvua zikikaribia atatuma mbegu, na Deo asome. Alituma mbegu. Deo alifaulu, akaenda bodingi, akala ubao wa serikali miaka minne. Mwalimu alikaa nasi hadi alipohamishwa kurudi kwao. Mimi sikurudi shule, ingawa Mwalimu alinisihi zaidi ya mara moja. Palikuwa na watu wa kulisha, na sikuwahi kuiona kama hasara yote. Niliolewa nikiwa nimechelewa, na mume wangu aliambiwa mapema kwamba atahamia yeye, kwa sababu meza haipiti mlangoni.

Basi Pasaka hii ukuta ulidondoka, na tukaitoa. Tulikuwa watu wazima sita tumeishika. Iliposimama uani, kwa mara ya kwanza tangu iwe meza, jua likaipiga, na nikaona kwamba mninga una rangi nyekundu ambayo sebuleni haikuwahi kuonekana. Vero akapakua chakula. Tukanawa. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja akisubiri, hadi Kasiani akachukua kijiko, akagonga ubao, akasema yale maneno.

Tulikuwa bado tunakula msimamizi wa mafundi alipokuja na karatasi ya ramani. Aliizunguka meza akiipima kwa macho, akaniuliza niamue mapema mlango wa sebule uwe wa upana gani, ili isije ikatusumbua kuiingiza. Nikamwambia aweke mlango wa kawaida. Meza aiweke kwanza, juu ya msingi, mahali itakapokaa. Kuta zifuate.